Hadaa ya "simu yako imepatikana"

Umeibiwa simu. Siku kadhaa zimepita, umesharudisha laini yako na kuiweka kwenye simu nyingine, na umeanza kuzoea kwamba ile imekwenda. Mara inaingia meseji: simu yako imeonekana, bofya kiungo hiki uone ilipo. Aina imetajwa sawasawa, rangi sawasawa, hata ukubwa wa hifadhi. Moyo unaruka, na kidole kinafika kwenye kiungo kabla hujajiuliza nani aliyeandika.

Aliyeandika, mara nyingi, ni yule yule aliyenayo simu, au mtu aliyelipwa naye.

Hii ni aina mojawapo ya udanganyifu ambao jina lake la Kiingereza, phishing, limetokana na uvuvi: tapeli hujivika sura ya kampuni unayoiamini, akakutupia chambo, ili umkabidhi nywila kwa mkono wako mwenyewe. Chambo kilichozoeleka ni zawadi au onyo la benki, na mtu aliye makini hukipita. Katika hadaa hii chambo ni mali yako, yenye picha za wanao na sauti za watu waliokwisha kufariki. Kwangu mimi hakuna hadaa katili kuliko hii, kwa sababu humrudia mtu aliyekwisha kuumizwa, na hupita pale pale penye kidonda.

Lakini kwa nini mwizi amtafute aliyemwibia? Zamani hakuwa na haja hiyo: alifuta kila kitu, akauza. Mwaka 2013, kupitia iOS 7, toleo la mfumo unaoendesha iPhone, Apple ilianza kuifunga iPhone kwa akaunti ya mwenyewe. Google ikaleta kinga ya namna hiyo kwenye Android 5.1 mwaka 2015. Simu yenye kufuli la aina hii, hata mwizi akiifuta yote, ikiwaka hudai nywila ya akaunti ile ile. Asipoipata, hana simu ya kuuza. Ana spea tu, yaani kioo, kamera, betri. Pengo la bei kati ya spea na simu nzima ndilo linalomfanya akuandikie. Kwa hiyo meseji ile, ukiitazama vizuri, inakueleza jambo moja la kutuliza moyo: kufuli lako limemshinda.

Na si kazi ya vibaka wawili watatu. Septemba 2024 Europol, shirika la polisi la Umoja wa Ulaya, ilitangaza kuvunjwa kwa mtandao ulioitwa iServer, katika operesheni ya polisi wa Hispania na nchi kadhaa za Amerika ya Kusini. Watu 17 walikamatwa, akiwamo raia wa Argentina aliyeuendesha. Mtandao huo uliwauzia mafundi wa kufungua simu za wizi kila walichohitaji: kurasa bandia zilizokwisha kutengenezwa na meseji za kutuma. Hawakuhitaji kujua kuandika programu. Europol ilihesabu waathirika wapatao 483,000 duniani, watu waliokuwa wakijaribu kuzipata simu zao wakanaswa humo humo.

Namba yako wanaipataje? Pengine umewapa mwenyewe, kwa nia njema. Ukiiweka simu katika hali ya kupotea, unaweza kuandika kwenye kioo chake namba ya kupigiwa, ili msamaria mwema akuite. Mwizi naye anaisoma. Pengine anachomoa laini na kuipachika kwenye simu nyingine, kama laini yenyewe haina PIN. Rangi anaiona kwa macho, na mengine huyapata kupitia IMEI, namba ya kipekee ya utambulisho wa kila simu. Hivyo kutaja sifa za simu yako si ithibati ya lolote, isipokuwa kwamba anayo mkononi.

Ukurasa unaofunguka hufanana na ule halisi, mara nyingine na ramani juu yake. Unaombwa akaunti na nywila, kisha namba ya uthibitisho iliyoingia sasa hivi. Baadhi huomba hata PIN ya kufungulia kioo, na hapo mwizi anaingia kwenye kila kitu kilichomo. Ipo pia sura ya vitisho: mtu anadai simu yako ameinunua kihalali, na usipoiondoa kwenye akaunti yako picha zako zitauzwa. Ombi ni lile lile. Anachokitaka ni kufuli litoke, na akishalipata hilo hana deni nawe.

Usibofye, na usimjibu hata kwa matusi, maana jibu lolote humthibitishia kwamba namba ina mtu. Ukitaka kujua kama simu imeonekana kweli, fungua mwenyewe huduma ya kutafuta simu, kwa kuandika anwani yake au kutumia programu yake kwenye kifaa kingine. Taarifa ikiwa ya kweli utaikuta humo. Na kwenye kioo cha simu iliyopotea, andika namba au barua pepe isiyofungamana na akaunti zako.

Kuna jambo moja linalowachanganya watu wengi, nalo ndilo la maana kuliko yote: kufuta simu ukiwa mbali na kuiondoa kwenye akaunti ni vitu viwili. Ukiifuta iPhone ukiwa mbali, data inatoweka lakini kufuli linabaki. Ukiiondoa kwenye orodha ya vifaa vyako, umeifungua mwenyewe. Ifute ukitaka, usiiondoe, hata miezi mingi ikipita, hata ukiwa umekwisha kununua nyingine.

Kama ulishaandika nywila kwenye ukurasa ule, usipoteze muda kwa aibu. Hao ni watu wanaoishi kwa kazi hiyo. Badilisha nywila ya akaunti sasa hivi kwa kifaa unachokiamini, na popote pengine ulipoitumia hiyo hiyo. Toa vifaa usivyovitambua, lakini ile iliyoibwa iache. Tazama kama namba ya simu na barua pepe ya kurejeshea akaunti bado ni zako, kisha ijulishe benki. Halafu fungua orodha ya vifaa: kama simu yako bado imo, hawajafaulu.