Ulijikwaa, Hukuanguka, Mbona Mwili Unauma?

Juzi nilijikwaa kwenye ngazi nikawahi kushika reli. Sikugusa chini kabisa. Kwa nini leo paja na mgongo vinauma?

Kwa sababu kilichokuumiza ni ile kazi ya kukuzuia usianguke. Ncha ya kiatu ilikwama kwenye ukingo wa ngazi, mguu ukabaki nyuma huku kiwiliwili kikiendelea mbele. Kabla hujatambua lililotokea, neva zilikwisha kuamuru misuli ikaze: mguu wa pili ukarushwa mbele, mgongo ukajivuta nyuma, mkono ukaruka kutafuta pa kushika. Mguu ule ulipotua ulipokea uzito wa mwili wote kwa kishindo. Misuli ya paja ikalazimika kukaza wakati huohuo inavutwa irefuke, na hakuna kazi inayoumiza nyuzi za msuli kama hiyo. Huchanika kidogo kidogo, pasipo jeraha la kuonekana.

Wengi wanaopata maumivu haya hawaambii mtu, kwa kuwa hawana mchubuko wa kuonyesha. Tafadhali usione aibu kusema. Wahenga walisema kujikwaa si kuanguka, lakini hawakusema hakuumi.

Mbona siku ileile sikusikia kitu?

Maumivu ya misuli ya aina hii huchelewa. Huja polepole, hufikia kilele kati ya saa 24 na 72, kisha hupungua ndani ya wiki moja hivi. Yakizidi badala ya kupungua, kuna jambo jingine.

Ni sehemu zipi za kuangalia zaidi?

Kifundo cha mguu, kama kilipinda ukakanyaga kwa upande. Goti nalo, kama mwili uligeuka na wayo ukabaki umekwama: gegedu la ndani linaweza kuchanika, na uvimbe ukaja baada ya saa kadhaa. Ukisikia mlio nyuma ya kisigino, kama mtu amekupiga teke, kisha ukashindwa kusimama kwa vidole vya mguu huo, huenda kano ya kisigino imekatika. Hiyo si ya kusubiri.

Bega ndilo watu hulisahau. Ulipodaka reli, mkono ulisimama na mwili ukaendelea kwenda, kwa hiyo kano zinazozunguka bega zilibeba mvuto wote. Siku mbili baadaye unanyoosha mkono kuchukua kikombe kwenye rafu, mkono unagoma katikati ya njia. Usiku ukilalia upande ule unaamka. Mtu haunganishi kabisa na kule kujikwaa. Ukiwa huwezi kuinua mkono wako mwenyewe, lakini mwenzako akikuinulia unapanda, kapimwe, maana kano inaweza kuwa imechanika.

Nifanye nini nyumbani?

Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 hadi 20 kwa wakati, siku mbili za mwanzo. Usichue wala kukanda kwa nguvu sehemu iliyovimba. Usilale kitandani siku nzima pia. Tembea taratibu kadiri maumivu yanavyoruhusu.

Lini niende hospitali?

Ukishindwa kutembea hata hatua nne. Kiungo kikivimba sana au kubadilika umbo. Ukipata ganzi au udhaifu wa miguu, au ukishindwa kuzuia mkojo. Kwa mzee au mtu mwenye mifupa dhaifu, maumivu makali ya mgongo au ya kinena yanatosha kumpeleka, kwa kuwa mfupa dhaifu unaweza kuvunjika kwa mshtuko tu. Na kama kujikwaa kulikuja pamoja na uso kupinda, maneno kukwama au upande mmoja kulegea, nenda saa hiyohiyo: huenda ni kiharusi.

Tangu siku ile naogopa ngazi. Ni kawaida?

Ndiyo, na hofu hiyo ichukuliwe kwa uzito. Mwenye hofu hukakamaa, hupiga hatua fupi, hupunguza matembezi. Misuli inalegea, na mwili unakosa nguvu ya kujiokoa safari ijayo. Anza na mazoezi madogo: keti kitini kisha simama bila kujisukuma kwa mikono, halafu simama kwa mguu mmoja ukiwa karibu na kitu imara cha kushika. Yafanye kila siku. Hofu isipopungua, mtaalamu wa tiba ya viungo atakusaidia.

Mama yangu ana miaka 70. Hujikwaa mara kwa mara lakini haanguki. Nisubiri?

Usisubiri. Anayejikwaa mara kwa mara yuko karibu zaidi na kuanguka, na kwa umri wake kuanguka kunaweza kuvunja nyonga. Mpeleke na dawa zake zote. Za usingizi na za shinikizo la damu huweza kuleta kizunguzungu anaposimama. Uliza kuhusu kisukari, ambacho hutia nyayo ganzi. Kama miwani yake ina sehemu ya kusomea upande wa chini, jua kwamba anaposhuka ngazi anaitazama kupitia sehemu hiyo na ukingo hauoni vizuri.

Kisha chukua viatu vyake uangalie ncha. Kimoja kikiwa kimelika mbele kuliko kingine, mguu huo hauinuki sawasawa. Vibebe umwonyeshe daktari.