Volkano ikilipuka si lazima ziwa life

Watu wakitoka kupanda Longonot, kwa matatu ya kurudi Nairobi hakukosi mmoja wa kusema ati volkano ikilipuka maziwa yote ya karibu yanakufa, hakuna kitu kinabaki hai. Zii, si hivyo.

Inategemea nini kimeingia majini. Mount St. Helens kule Marekani ilipolipuka Mei 18, 1980, Spirit Lake ilijazwa mawe, matope na miti mizima mizima, maji yakawa meusi, oksijeni ikaisha, bakteria wakatawala. Hapo sawa, mwani ulipigwa vibaya, lakini baada ya miaka michache maji yalisafika na ukarudi.

Sasa majivu peke yake ni stori ingine kabisa. 2011 Puyehue-Cordón Caulle ya Chile ililipuka, upepo ukabeba majivu hadi maziwa ya milimani Argentina kama Nahuel Huapi, na ule mwani mdogo wa kuonekana kwa maikroskopu tu ukaongezeka! Majivu yalileta fosforasi, chakula ambacho maziwa safi hivyo hukosa, alafu maji yenyewe huwa maangavu mpaka jua linachoma mwani wa juu juu, so ile vumbi majini ikawa kama neti ya kivuli juu ya miche.

Wenye bahati zaidi huwa diatomu, aina moja ya huo mwani mdogo, juu ganda lao ni la silika, kitu kama kioo, na majivu yamejaa silika. Lakini yakitua tabaka nene yanaweza kufunika tope la chini, fosforasi inafungiwa humo, na hapo sherehe inapoa.