Maonyesho hewa ya Rachmaninoff

Wafanyakazi hewa tunawajua: jina liko kwenye orodha ya mishahara, mtu mwenyewe hayupo. Mimi nahangaika na maonyesho hewa. Tangazo limetoka gazetini, programu imechapwa, tiketi zimenunuliwa, watu wamepiga pasi suti zao, na mpiga piano hakutokea. Miaka themanini baadaye anakuja mtu kama mimi, analikuta tangazo, anafurahi, analiingiza kwenye orodha. Kosa limeshazaliwa, na kila atakayeninakili atanakili nalo.

Jioni zangu nyingi huishia kwenye lahajedwali moja. Kila mstari ni onyesho moja la Sergei Rachmaninoff, mtunzi na mpiga piano wa Urusi: tarehe, mji, ukumbi, alipiga nini, na nani, na nimejuaje. Safu hiyo ya mwisho ndiyo inayokula muda. Kazi yangu ya mchana ni kutunza kumbukumbu, kwa hiyo mtu akiniambia "inajulikana kwamba" namuuliza inajulikana kwa karatasi gani.

Nilimchagua huyu kwa sababu maisha yake yamekatika vipande viwili. Hadi mwaka 1917 alikuwa mtunzi na kiongozi wa okestra ambaye pia alipiga piano. Desemba mwaka huo akaondoka Urusi na familia yake, akapitia Finland kwenda Stockholm, akiwa na miaka 44, na shamba la Ivanovka alikotungia kazi zake nyingi likabaki nyuma. Utunzi usingelisha nyumba. Boston ilimtaka aongoze okestra yake, akakataa. Akaamua kuwa mpiga piano wa safari, kazi iliyomlazimu ajifunze upya vitabu vya nota vya watu wengine, maana kabla ya hapo jukwaani alipiga zaidi vya kwake. Aliingia New York tarehe 10 Novemba 1918, siku moja kabla Vita Kuu ya Kwanza havijasimama, na tarehe 8 Desemba akafanya onyesho lake la kwanza la awamu hiyo huko Providence, Rhode Island. Kuanzia hapo ni treni, hoteli, ukumbi, treni, kwa karibu miaka 25. Vitabu vya maisha yake husimama kwenye vilele. Mimi nazitaka pia zile Jumanne za mvua kwenye miji ambayo hakuna mwandishi aliyeona sababu ya kuitaja.

Turudi kwenye maonyesho hewa. Mfano wa mapema ni wa mwaka 1895. Kijana wa miaka 22, mfuko mtupu, akakubali kufanya ziara ya miezi mitatu na mpiga fidla wa Italia, Teresina Tua. Ziara ikamchosha roho. Akaiacha kabla haijaisha, akapoteza na malipo yake. Ratiba ya ziara, hata hivyo, haijirarui yenyewe. Ukiikuta nzima huna haki ya kuigawa katika mistari ya jedwali kama keki, kwa sababu sehemu ya mwisho haikuwa na Rachmaninoff ndani yake.

Mfano wa mwisho kabisa wa maisha yake ni wa 1943. Tarehe 1 Februari aliapishwa kuwa raia wa Marekani. Tarehe 11 na 12 alikuwa Chicago na okestra, akapiga Konseto ya kwanza ya Beethoven (konseto ni kazi ya piano na okestra) na Rapsodi aliyoitunga mwenyewe juu ya wimbo wa Paganini. Tarehe 15 Louisville, tarehe 17 Knoxville, kwenye ukumbi wa Chuo Kikuu cha Tennessee. Kwenye programu ya Knoxville ilikuwamo Sonata ya pili ya Chopin, ile yenye maandamano ya mazishi. Alikuwa mgonjwa kuliko alivyojua. Maonyesho yaliyofuata yakafutwa, akasafirishwa kwa treni hadi California, na tarehe 28 Machi akafariki Beverly Hills kwa saratani. Sasa fikiria unapitia magazeti ya Februari hiyo ukiwa na matangazo tu. Utampa wiki zaidi jukwaani mtu aliyekuwa amelala kitandani.

Kwa hiyo nimejiwekea sheria. Tangazo peke yake halinipi mstari. Linanipa alama ya kuuliza. Programu iliyochapwa ina uzito zaidi, lakini nayo ilipelekwa kiwandani kabla ya siku yenyewe. Ninachokitafuta ni karatasi iliyoandikwa baada ya tukio: mhakiki aliyelalamika kwamba ukumbi ulikuwa baridi, barua ya mtu aliyekuwepo, daftari la okestra. Malalamiko ndiyo nayapenda zaidi. Anayesifu anaweza kusifu kutoka nyumbani. Anayelalamikia kiti kibovu lazima awe alikikalia.

Hata hapo usishangilie. Tahakiki hutoka kesho yake au wiki inayofuata, na mwandishi anasema "Jumapili alasiri". Mimi huhesabu siku ya wiki kila mara. Konseto ya Piano Na. 3 ilisikika kwa mara ya kwanza New York tarehe 28 Novemba 1909, chini ya Walter Damrosch. Tarehe hiyo kweli ni Jumapili. Ilirudiwa tarehe 30, kisha tarehe 16 Januari 1910, Jumapili tena, ikapigwa Carnegie Hall na okestra nyingine, kiongozi akiwa Gustav Mahler. Siku ya wiki isipokubali, mmoja kati ya mashahidi wako amekosea, na mara nyingi ni wewe uliyesoma 3 ukaandika 8.

Mimi mwenyewe nimewahi kuzalisha pacha. Preludi yake maarufu, kipande kifupi cha piano chenye namba ya kazi Opus 3 namba 2, ile ambayo wasikilizaji walimdai kila mji hadi akaichoka, aliipiga hadharani kwa mara ya kwanza Moscow mwaka 1892, kwenye maonyesho ya vifaa vya umeme. Nilikuwa na mstari wa 26 Septemba. Miezi kadhaa baadaye nikapata 8 Oktoba kwenye chanzo kingine, nikashangilia, nikaongeza mstari. Onyesho la pili! Ni lilelile. Urusi ilikuwa bado inafuata kalenda ya Julius, iliyokuwa nyuma ya ile ya Ulaya Magharibi kwa siku 12 katika karne ya 19, kisha siku 13 kuanzia mwaka 1900. Ni mwaka 1918 tu ndipo serikali mpya iliporuka kutoka 31 Januari hadi 14 Februari.

Sisi tuliokulia kwenye mtaa wenye Idd mbili, huku mwezi umeandama na kule bado, tulipaswa kuwa wepesi zaidi kuliona hili. Siku hizi jedwali langu lina safu mbili za tarehe, na tarehe ya Urusi ya kabla ya 1918 isiyosema ni ya kalenda gani inabaki na rangi ya njano.

Kutoka hapo utaona Konseto ya Piano Na. 2 inavyowapoteza watu. Kuna wanaoandika ilizinduliwa Desemba 1900. Kilichosikika tarehe 2 Desemba ya kalenda ya zamani, yaani 15 Desemba, ni sehemu ya pili na ya tatu tu. Sehemu ya kwanza, yenye zile kengele nzito za mwanzo, ilikuwa haijakamilika. Konseto nzima ilisubiri hadi 27 Oktoba 1901, ambayo kwetu ni 9 Novemba. Mara zote mbili yeye yuko kwenye piano na binamu yake Alexander Siloti anaongoza. Hiyo ni mistari miwili, na safu ya "alipiga nini" lazima iseme vipande vipi.

Jina nalo ni kazi. Magharibi yeye mwenyewe aliandika Rachmaninoff. Utakutana na Rachmaninov, Rakhmaninov, na Wajerumani wakamwita Rachmaninow. Kwenye magazeti ya Kirusi ya kabla ya mageuzi ya tahajia ya 1918 jina lake huisha na herufi moja isiyotamkwa, ambayo baadaye ilifutwa mwishoni mwa maneno. Ukitafuta kwa tahajia ya leo, neno kamili kwa neno kamili, mashine inakujibu hakuna kitu. Niliamini jibu hilo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Halafu kuna programu za kompyuta zinazosoma maandishi kutoka kwenye picha za magazeti yaliyofifia: kwao "rn" na "m" ni kitu kimoja. Njia ninayoiamini ni kuacha kutafuta jina lake na kutafuta jina la ukumbi, kisha kufungua kurasa kwa macho.

Saa nimeamua kuziandika kama gazeti lilivyoziandika. Mwanzoni nilizigeuza kichwani, 8:30 yao ikawa saa mbili na nusu usiku, na baada ya wiki sikujua tena ipi nimeigeuza na ipi bado.

Miji: Portland iko Oregon na iko Maine, bara zima katikati. Springfield sizitaji, ziko nyingi mno. Hapa ramani ya reli inasaidia kuliko kamusi. Mtu aliyekuwa Boston jana usiku hawezi kuwa Oregon leo, maana alisafiri kwa treni. Nikiona mruko kama huo, nairudia karatasi. Kadhalika okestra: ya Philadelphia ilikuwa na desturi ya kwenda kupiga miji mingine, ndiyo maana Rapsodi juu ya wimbo wa Paganini, tarehe 7 Novemba 1934, ilizaliwa Baltimore. Kiongozi Leopold Stokowski na okestra ni wa Philadelphia, ukumbi ni wa Baltimore, na wanaokisia hukosea palepale.

Kuna swali la onyesho ni nini hasa. Ziara yake ya kwanza ya Marekani, iliyoanza tarehe 4 Novemba 1909 kwenye chuo cha Smith mjini Northampton, huhesabiwa maonyesho 26: 19 kama mpiga piano na 7 kama kiongozi wa okestra. Mtu anayehesabu piano tu atapata 19 na kudhani mwenzake amedanganya. Mimi nahesabu kila mara aliposimama au kukaa mbele ya watu kufanya muziki, ila usiku wa opera alizoongoza Bolshoi, jumba la opera la Moscow, kati ya 1904 na 1906 nimeuweka kwenye jedwali la pekee. Ukiuchanganya, miaka hiyo inavimba na unapoteza umbo la maisha yake ya safari. Mwenzangu mmoja hakubaliani kabisa na uamuzi huu. Tunaendelea kunywa chai pamoja.

Lakini hayo yote ni tarehe na mahali. Swali linaloniamsha usiku ni: je, alipiga kilichoandikwa? Redio ingetusaidia, ila yeye alikataa maonyesho yake yarushwe hewani, kwa hiyo huwezi kutegemea kanda ya jioni fulani ikuamulie. Unabaki na programu, na programu ni ahadi tu.

Tazama Mageuzo juu ya Wimbo wa Corelli, Opus 42. (Wimbo wenyewe si wa Corelli, mtunzi wa zamani wa Italia. Ni La Folia, mzee kuliko yeye, lakini jina limeshaganda.) Ni wimbo mmoja unaogeuzwa mara 20, na Rachmaninoff aliupiga hadharani kwa mara ya kwanza Montreal tarehe 12 Oktoba 1931. Programu za msimu ule zinaandika jina la kazi, basi. Ningekuwa nazo peke yake, ningeandika "Opus 42, kamili" kila mstari na kulala vizuri.

Desemba mwaka huohuo alimwandikia barua rafiki yake mtunzi, Nikolai Medtner. Akamwambia ameshaipiga kazi hiyo kama mara 15, na kati ya hizo moja tu ilikuwa nzuri. Hata mara moja hakuipiga yote. Kilichomwongoza, anasema, ni kikohozi cha wasikilizaji: wakizidi kukohoa anaruka geuzo linalofuata, wakitulia anakwenda kwa mpangilio. Rekodi yake bora ilikuwa New York, mageuzo 18. Na kwenye mji mmoja mdogo, asioukumbuka jina, walikohoa mpaka akapiga 10 tu.

Anatania, ndiyo, lakini kwenye nota zilizochapwa mageuzo matatu, la 11, la 12 na la 19, yameruhusiwa kurukwa. Kwa hiyo nami nililazimika kuongeza safu mpya: "mageuzo mangapi". Montreal bado sijaijaza. New York imeandikwa 18. Chini ya New York kuna mstari niliouingiza kwa kumwamini yeye mwenyewe, wa kati ya 12 Oktoba na barua ile. Safu ya mji ni tupu, ukumbi tupu, tarehe ya njano. Kwenye safu ya mageuzo nimeandika 10, na kwenye safu ya chanzo: kikohozi.