"Alilipuka ghafla tu"

Ndivyo wanavyosema wafanyakazi mwenzao anapomshambulia msimamizi. Mara nyingi si kweli. Waulize mmoja mmoja: huyu alisikia kitisho kantini, yule alitumiwa ujumbe usiku, mwingine aliona kabati likipigwa ngumi. Kila mtu ana kipande chake, hakuna aliyeviunganisha.

Ndiyo maana tangu Julai 1, 2024, California huko Marekani inawataka waajiri wengi wawe na mpango wa maandishi wa kuzuia ukatili kazini na daftari la matukio ya ukatili, vitisho vikiwemo, linalotunzwa miaka 5. Haliandikwi majina, huandikwa saa, mahali, kilichotokea na hatua zilizochukuliwa. Kazi ya kulisoma na kuunganisha vipande apewe mtu mahususi, si "uongozi" kwa jumla.

Siku ya kumwachisha mtu kazi ndiyo huharibiwa zaidi. Kaeni wawili, na kiti chake kisiwazibie mlango. Mkasi na chai ya moto viondoke mezani. Mlinzi awe karibu lakini nje. Sare chumbani humfedhehesha mtu bure. Kadi ya kuingilia ifungwe kikao kikiendelea. Na malipo yake yawe tayari: sheria ya California inataka alipwe papo hapo, na "njoo wiki ijayo" humrudisha mlangoni akiwa na hasira mpya.