Gari la Wagonjwa Si Teksi Yenye King'ora

Dhana zote potofu kuhusu ambulensi zina mama mmoja: kwamba kazi yake ni kumbeba mtu na kumkimbiza hospitali, basi. Haikuzuka hivihivi, maana zamani ndivyo ilivyokuwa. Mjini Pittsburgh, Marekani, kabla ya 1967, mgonjwa alichukuliwa na polisi au na gari la kampuni ya mazishi, lilelile la kubebea maiti. Alilazwa nyuma, pengine peke yake. Sasa mtu aliyezimia akilala chali, ulimi hurudi nyuma ukaziba koo. Kuinua kidevu chake tu kungetosha, lakini nani amwinue?

Daktari Peter Safar aliwafundisha wakazi Weusi wa mtaa wa Hill District, wengi wao wasio na ajira, kumhudumia mgonjwa palepale alipoanguka na njiani pia. Huduma yao, Freedom House, ikawa mfano kwa miji mingine. Mwaka 1975 jiji likaanzisha ya kwake, ile ikafa. Shukrani ya punda!

Wapo wanaodhani magari haya yalianzishwa kwa ajili ya majeruhi wa ajali. London ya miaka ya 1880, bodi ya hospitali za jiji ilikuwa na magari ya farasi ya kubeba wenye ndui na homa za kuambukiza, ili watengwe. Aliyevunjika mguu barabarani alisubiri hadi 1915 ndipo jiji likaanzisha huduma ya ajali.

"Anauliza maswali mengi badala ya kutuma gari!" Hasira hiyo naielewa, ila haina msingi. Katika vituo vingi vya kupokea simu za dharura, wakati mmoja anauliza, mwenzake ameshalituma. Na moyo ukiwa umesimama, huyo wa kwenye simu ndiye anayekuhesabia: bonyeza katikati ya kifua, kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika.

Kufika kwa ambulensi hakukupi nafasi ya kwanza hospitali. Anayetangulia ni aliye hoi zaidi, hata kama kaja kwa miguu.

Halafu ile ya king'ora kuzimwa: "Ameshafariki huyo." Hapana. Mara nyingi hali imetulia, na dereva hana sababu ya kupita kwenye taa nyekundu za barabarani huku mwenzake nyuma akitafuta mshipa wa kuweka dripu, gari likiyumba.