Kufutwa kwa pasi 1986 hakukumaliza ubaguzi Afrika Kusini

Wengi huamini kwamba serikali ya Makaburu ililegeza kamba miaka ya 1980, na kwamba pasi, kitambulisho ambacho Mwafrika alilazimika kubeba ili aruhusiwe kukaa mjini, ilipofutwa ubaguzi ulikuwa umekwisha. Imani hiyo haikutoka hewani: sheria iliyokataza ndoa kati ya Wazungu na watu wa rangi nyingine ilifutwa 1985, na pasi, ndugu wa kipande cha Kenya ya mkoloni, ikaondolewa 1 Julai 1986.

Ila tazama tarehe. Hali ya hatari ya nchi nzima ilitangazwa 12 Juni 1986, siku 19 tu kabla. Polisi waliweza kumkamata mtu bila hati ya kukamata na kumweka ndani bila kesi.

Bunge jipya la 1984 nalo lilikuwa na viti 178 vya Wazungu, 85 vya machotara na 45 vya Wahindi. Jumlisha viti vya makundi mawili ya mwisho: 130, hata pamoja hawafui dafu. Waafrika, walio wengi, hawakupata hata kimoja.

Ukitaka kuhakiki, usiishie kwenye sheria iliyofutwa, tafuta zilizobaki. Ile ya kuandikisha watu kwa rangi na ile ya kugawa makazi zilidumu hadi 1991. Aliyeingia mjini bila pasi bado sheria ilimzuia kupanga nyumba mtaa wa Wazungu.