Kidole cha mpara samaki

Mama mmoja anayepara samaki mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma, alinijia na kidole cha shahada kimevimba, rangi yake inaelekea zambarau. "Ni mdudu huyu, daktari, nitumbulie." Nikamuuliza alichomwa na nini. Mwiba wa samaki aina ya ngege, siku ya nne hiyo.

Sikutumbua. Mdudu wa kidole hutunga usaha, na hapa usaha haukuwepo. Kulikuwa na maumivu makali kuliko uvimbe wenyewe, na ukingo uliojichora waziwazi ukisogea polepole kuelekea kiganjani. Hiyo ni erisipeloidi, maambukizi ya ngozi. Bakteria wake, Erysipelothrix rhusiopathiae, hukaa kwenye ute wa samaki bila kumdhuru samaki mwenyewe, na dalili huanza siku 2 hadi 7 baada ya kuchomwa. Wachinja nguruwe nao huipata. Penisilini inaiweza vizuri.

Anayeninyima usingizi ni mwingine: Mycobacterium marinum, wa ukoo mmoja na bakteria wa kifua kikuu. Alitambuliwa mwaka 1926 kwa samaki waliokufa katika matangi ya maonyesho huko Philadelphia. Hustawi kwenye joto la nyuzi 30 hivi, ndiyo maana kwa kawaida hukaa vidoleni na kwenye viwiko, ambako mwili umepoa kidogo. Kinundu hujitokeza wiki 2 hadi 4 baadaye, pengine miezi, mtu keshasahau alijikwaruza lini. Kisha vingine hufuatana kupanda mkono. Amoksilini ya dukani haimtishi. Dawa zake humezwa kwa miezi kadhaa. Hapa Kigoma nawawaza zaidi vijana wanaosugua matangi ya samaki wa mapambo wanaosubiri kusafirishwa ng'ambo, mikono mitupu, vidole vina michubuko.

(Kichocho, mnachoniuliza kila mara, hakitoki kwa samaki. Kinatoka kwa konokono wa majini.)

Kula samaki aliyeiva hakukuletei lolote kati ya haya mawili. Mlango wao ni jeraha. Ukichomwa, osha papo hapo kwa sabuni na maji safi, si ya ndoo uliyooshea samaki. Na ukienda hospitali, anza kwa kusema kazi yako kabla hujaonyesha kidole. Asiyejua kwamba unashika samaki atakutibu jipu.

Yule mama alirudi wiki iliyofuata, kidole kimenywea. Nikamuuliza habari za glavu.

"Zinateleza, daktari. Nitapara saa ngapi?"

Tumekubaliana avae mkono mmoja, ule unaoshika samaki.